Maji ya Moto kwenye Trekta la Saidi

Kigali, Jumanne, Julai 1974

Leo tena nimekuta rejeta ya trekta imejaa maji ya moto. Nimemfokea mlinzi bure. "Fundi, wallahi hakuna mtu ameingia humu uani."

Asubuhi za baridi trekta lile kuukuu haliwaki mpaka litiwe maji ya moto. Marehemu Saidi, dereva wake, ndiye aliyekuwa akifanya hivyo. Tangu tumzike, kazi hiyo ni yangu. Nimefika na birika langu ukungu haujaondoka, kumbe mtu ameshanitangulia.

Mke wangu anasema nisome dua, nisiulize. Nimesoma.

Rejeta ningeweza kuisahau. Ila hendeli ya kuwashia... Chuma kimelala nje usiku kucha, na nilipokishika kilikuwa na joto la kiganja.