Yaya Anataka Niseme Tu "Nilichimba"

Mama Honorine, mshauri wetu wa redio, sijui kama shida yangu ni ya familia, ya ardhi au ya mvua, na kama haina nafasi katika kipindi chako unisamehe, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo nitasimama mbele ya mkuu wa mtaa na sijui nitasema nini.

Mimi ni kijana niliyemaliza sekondari, naishi Mangobo katika kiwanja cha yaya Lambert, kaka yangu mkubwa, ambaye alinilea tangu wazazi wetu walipofariki, akanivalisha, akanisomesha, na mpaka leo nalala katika chumba alichonipa na kula mezani pake, kwa hiyo ukiona namsema vibaya ujue kwamba nampenda na pia namwogopa. Kiwanja chetu kiko juu ya mteremko, na chini yetu, kwenye ukingo wa korongo, anakaa mama Georgette, anayeuza samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, pamoja na mume wake papa Bavon, ambaye zamani alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, na wajukuu wao.

Mwaka huu yaya alianza kujenga vyumba vya kupangisha, na mtu wa urbanisme, ofisi ya mipango miji, alipokuja kupima alisema kwamba anayeongeza paa lazima ashughulikie maji ya paa hilo ndani ya kiwanja chake mwenyewe, asiyamwage kwenye avenue, yaani barabara ya mtaa wetu, wala kwa jirani, kwa hiyo tuchimbe shimo refu, tulijaze mawe, mabomba ya paa yaingie humo ili ardhi iyanywe maji polepole, na shimo hilo kwa Kifaransa wanaliita puits perdu, yaani shimo lililopotea. Nililichimba mimi, mpaka kichwa changu kikazama, na tarehe 12 Julai (naandika tarehe kwa sababu ni desturi yangu) mtu yule alirudi, akachungulia, akasema ni vizuri, tumalizie kwa mawe, akatia sahihi. Alipopanda tu pikipiki, yaya akanipa koleo.

"Leki," ndivyo anavyoniita mimi mdogo wake, "rudisha udongo."

Nilidhani anatania. "Yaya, si ni leo tu amekubali?"

"Jina yenyewe inasema. Perdu! Wamekuja, wameona, donc shimo ipotee. Avenue yote wanafanya vile. Ama ni weye unajua Kifaransa kupita wote?"

"Na maji itaenda wapi?"

"Maji iko na miguu yake. Inajua njia."

Mafundi walicheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane mjinga, nikarudisha udongo pamoja na vipande vya matofali na mifuko mitupu ya saruji, na juu yake kikajengwa chumba cha mwisho, ambamo sasa anakaa mwanafunzi mmoja, na juzi mwanafunzi huyo alinionyesha ufa wa sakafu ambao kidole kinaingia.

Mvua kubwa zilipoanza, maji ya mabati yetu yote yalishuka kwa pamoja hadi chini, korongo likapanuka, na asubuhi ya tarehe 3 Oktoba ukuta wa jiko la mama Georgette ulimwangukia papa Bavon akiwasha moto wa chai, ukamvunja nyonga, na tangu hapo hajasimama. Analala katika chumba kilichobaki, na ukikaa karibu na kitanda chake unasikia udongo ukidondoka korongoni hata siku ambayo hakuna mvua. Vijana wa kanisa tunajaza magunia udongo na kuyapanga kwenye ukingo, mvua inayabeba, tunajaza mengine, na kila mara mama Georgette ananiita mbele ya wote: "Mutoto yangu, leta tena moja. Ku avenue yote ni weye tu uko na huruma." Papa Bavon naye hutania akiwa kitandani: "Mvua ikikuja munibebe na kitanda yote, nipite ku avenue kama chef wa kijiji!" Wote wanacheka, na mimi nageuka kuangalia magunia.

Sasa mkuu wa mtaa ametuita Jumamosi, kwa sababu imesemwa kwamba mama Georgette ndiye aliyeshindwa kuzuia maji, na nyumba yake itabomolewa bila yeye kupewa mahali pengine, isipokuwa ionekane kwamba maji yanatoka juu kwa jirani. Kila jirani ataulizwa kama ana shimo. Yaya amesema mimi ndiye nitakayejibu kwa ajili ya nyumba yetu.

"Useme tu nilichimba," aliniambia. "Si ulichimba? Donc si uongo."

"Yaya, papa Bavon hawezi kutembea."

"Na mimi nitembee kwenda wapi wakivunja nyumba yangu? Ukifungua kinywa kule, utafute fasi ya kulala. Ni Georgette njo alikusomesha?"

Mama, ni kweli nilichimba, kila mtu aliniona. Je, nikisema neno hilo moja na kunyamaza, nitakuwa nimedanganya? Na nikisema yote, nitakuwa nimemlipa nini mtu aliyenilea?

Ni mimi, Zéphirin, lakini jina usilisome hewani.

*

Mwanangu, jina lako nimelificha, na barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu mvua haifuati zamu ya barua.

Unaniuliza kama "nilichimba" ni uongo. Wewe umesoma, usijifiche nyuma ya neno moja. Mkuu wa mtaa hatakuuliza mwezi wa Julai ulifanya nini. Atauliza kama shimo lipo. Halipo. Ukisema "nilichimba" ukanyamaza, utakuwa umelifukia mara ya pili, na safari hii na watu ndani.

Na huo ujanja wa avenue yenu kuhusu neno perdu, nimeusikia mitaa mingine pia, watu wakiusema kwa kicheko. Nawaambia wote mnaonisikiliza: kinachotakiwa kupotea ni maji. Yaingie ardhini yasionekane tena. Shimo lenyewe linabaki pale, linasafishwa, linatunzwa maadamu paa lipo. Mkipoteza shimo, maji yatabaki, na mnaona yanakokwenda.

Nakuhurumia. Mtoto aliyelelewa na kaka hana baba mwingine wa kumkimbilia. Lakini usiniambie habari za magunia kana kwamba ni wema. Unaubeba udongo huko chini ili usiuguse ule wa juu, na mama wa watu anakushukuru. Hiyo shukrani inakuumiza kwa sababu umeichukua bila haki, na ni vizuri ikuumize.

Sasa sikiliza. Jumamosi ni mbali. Leo, kabla mawingu hayajakusanyika, waite vijana wenzako wa kanisa, mshuke mumtoe papa Bavon na kitanda chake kama alivyowaomba, ila msicheke. Mumpeleke wapi? Unajua. Una chumba, na chumba chako kiko juu. Mlaze humo, na mkewe na wajukuu walale naye. Wewe utatandika mkeka kanisani au kwa rafiki. Kaka yako anakutisha kwamba ukisema ukweli utakosa mahali pa kulala. Basi ukose leo, kwa hiari yako, na tisho hilo litakuwa limekwisha. Kama anataka kumtoa mzee aliyevunjika nyonga kwenye chumba hicho, amtoe mchana, mbele ya avenue yote.

Kisha mwambie mama Georgette mwenyewe, kwa mdomo wako, asije akasikia kwa redio ya jirani, wala Jumamosi katikati ya watu. Atakachokuambia ukipokee. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo.

Kwa kaka yako nenda kwa heshima, umpeleke kwenye ule ufa wa sakafu, aingize kidole chake. Chumba kile kimesimama juu ya takataka. Mtoeni mwanafunzi kwanza. Halafu mwombe aende kwa mkuu wa mtaa mwenyewe, akaseme shimo lilifukiwa na litachimbwa jingine, mbali na kuta, lenye mawe, na mabomba ya paa yaingie humo. Akikataa, utasema wewe, kwa sentensi mbili: "Nilichimba. Nikafukia." Ya pili usiimeze. Na majirani wengine wa juu waulizwe vilevile, maana korongo hilo halikuchimbwa na paa moja.

Umeuliza utamlipa nini aliyekulea. Mzuie asiue mtu. Hiyo ni heshima tosha kwa kaka, hata kama atakaa miaka bila kukuita leki.

Siwezi kukuahidi kwamba nyumba ya mama Georgette itapona. Kwa ulivyoieleza, naona itakwenda, pengine kabla shimo jipya halijafika kiunoni mwako. Ndiyo maana nasema mzee atoke leo. Izimeni redio, mkamchukue.