Pijo Niliyoinyamazia

Jumamosi, mgeni ameshaenda

Nimesifu gari moja mchana kutwa mpaka koo limekauka. Bwana Shikanga, mkusanyaji wa magari, alikuja kuchagua ya kununua kati ya Pijo zangu mbili: 205 GTI ya miaka ya themanini na 208 GTI ya juzijuzi. Banda letu ni la gari moja, kwa hivyo moja lazima iende.

Nilimwambia 208 ina nguvu zaidi, breki bora, kiyoyozi, na asubuhi haisumbui. Yote ni kweli. Ile 205 usukani wake ni mzito, na ukizembea kwenye kona za Isecheno inakuadhibu. Naipenda hivyo hivyo. Sikuitaja kabisa, asije akaitamani.

Alimaliza kuku, akanawa mikono, akacheka. "Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Malinya, kwenye mapigano ya mafahali. Kwetu, mtu hamsifu fahali wake wa kutegemewa mbele ya wageni. Nipe hiyo uliyoinyamazia."

Nikasema nitampigia kesho.

Wa kumkatalia ni yeye tu, nilidhani. Kumbe mke wangu, Mama Brenda, alikuwa anapakua chakula huku akisikiliza. Jioni ameniambia, kama 208 ni nzuri hivyo, ibaki.