Mtaa Wetu Kwenye Karatasi ya Saba

Mpwa wangu Somoe,

Sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mara tatu. Unauliza kama huko Nampula uingie ile kozi ya kwenye simu, leitura dinâmica, hizo mbinu za kusoma mbiombio, maana wenzako chuoni wanamaliza kitabu nawe bado uko ukurasa wa tisa.

Swali hilo limemfikia mwenyewe. Mimi mjomba wako, darasa la nne tu, nilikuwa nasoma mbio kabla hao walimu wa kwenye simu hawajaota ndevu. Lori la saruji likipita kwa kasi, nasoma ubavu mzima, mpaka namba ya fundi aliyelipaka rangi. Siri nilikufundisha mwenyewe: midomo ifunge, kidole tia mfukoni, macho yateremke katikati ya ukurasa kama mtu anashuka ngazi. Ukashindwa. Ukaendelea kunong'ona, neno moja moja, nami nikakucheka: "Wewe utazeeka hujafika kwenye nukta."

Lakini ule ukuta unaukumbuka.

Tulikuwa tumekimbia vita Palma, tumefika Afungi kwa miguu, mimi na wewe, na mama yako Mwanaidi tulipotezana naye njiani. Siku ya tano wakabandika lista kwenye ukuta wa shule: majina ya waliokwisha kufikishwa Pemba salama. Karatasi kumi na moja. Watu wanasukumana, wengi hawajui kusoma, wananiita, "Mzee, nitazamie wa kwangu!" Nikazipitia zote kabla mtu hajamaliza kukohoa. Wallahi niliwapata ndugu wa watu sita, wakanibeba juu kama bwana harusi. Niliposhushwa nikakugeukia, nikakwambia, "Mwanaidi hayumo."

Hukulia. Ulikwenda karatasi ya kwanza, ukaweka kidole.

"Huyu binti anasoma au anachambua mchele?" akasema mama mmoja nyuma yetu. "Sogea, na sisi tuna watu wetu!"

Nikakushika bega. "Twende, mama. Nimeshasoma mimi."

"Calma, tio, tulia. Unanipotezea mstari."

Jua lilikuwa utosini, likahamia mgongoni, nawe bado unanong'ona majina ya watu usiowajua, kila mmoja kwa heshima yake. Karatasi ya saba ukasimama. Ukarudi juu kidogo, ukasoma kwa sauti, ukiongeza unavyowajua: Abdala fundi cherehani. Mkewe. Bibi Atija wa vitumbua. Amina Bakari. Selemani muuza mkaa na wanawe.

"Mjomba, huu ni mtaa wetu! Wamepanga foleni ya kuandikishwa kama nyumba zilivyokaa. Kati ya Bibi Atija na Selemani ni nyumbani kwetu. Huyu Amina ni nani?"

Amina ndilo jina alilozaliwa nalo mama yako. Alipougua sana utotoni wazee wakalibadili, akawa Mwanaidi, na la kwanza likasahaulika. Limebaki kwenye cheti chake cha zamani, na hicho ndicho alichokimbia nacho. Macho yangu yalipita hapo, Somoe. Yalipita juu ya dada yangu wa tumbo moja yakaendelea na safari, kwa kuwa yalitumwa kumtafuta Mwanaidi.

Tulipompata kwa simu ya Selemani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmekula?"

Basi jibu langu ni hili. Mbinu zinafaa, sikatai, kwa kutafuta kitu unachokijua tayari. Wale sita niliwapata kweli. Lakini wewe ulisoma jambo ambalo hata karani mwenyewe hakujua kwamba ameliandika. Waache wenzako wamalize. Wewe soma hivyo hivyo.

Kuna moja limebaki. Hapa Palma, tangu turudi, nimesimulia kwamba aliyeuona mtaa ukutani ni mimi. Mama yako mwenyewe anaamini hivyo, na hajui kwamba nilikwambia hayumo. Sasa amekaa mbele yangu, kaacha kupepeta, anasema barua haifungwi mpaka asomewe.

Nitamsomea yote, kwa sauti, neno moja moja.

Mungu akulinde huko.

Mimi mjomba wako,
kaka wa Amina.