Fimbo ya Breki ya Baba Yako

Mwanangu mpendwa,

Mimi baba yako mdogo ni mzima kama chuma. Mkono huu unaokuandikia ndio uliowahi kunyoosha reli kwa nyundo moja, uliza yeyote. Mama yako hajambo. Paka amezaa tena.

Ile baiskeli ya marehemu babu yako nimeifufua. Ilikosekana fimbo ya breki ya mbele tu. Madukani wakanicheka: "Mzee, siku hizi breki ni za waya, hiyo kaulize makumbusho!" Nami nilishawaapia majirani kwamba nitaipata. Basi nikakata fimbo ya mwavuli, nikaipaka rangi, nikasema nimeipata. Baba yako akanikumbatia, akasema fundi kama mimi hajazaliwa.

Nilipoijaribu peke yangu, ikajikunja kama mrija. Nikainyoosha, nikanyamaza.

Sasa baba yako anataka kushuka nayo mlimani kwenda kazini. Siku tatu hizi naamka kabla yake, natoa upepo kwenye tairi. Anamlaumu jirani wa watu, nami naitikia, "Mwizi wa upepo huyo, kaka!"

Leo hakungoja kwenda kwa fundi jioni kujaza, kaazima pampu. Namsikia uani anajaza huku anapiga mluzi. Huko kwenye maduka ya vyuma vikuukuu nitafutie fimbo halisi, urefu wake shibiri tatu.

Naikatiza hapa, mwanangu. Pampu imenyamaza, na lazima nikasimame mbele ya gurudumu nimwambie mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako mdogo