Karatasi Uliyoitia Sahihi Bila Kuisoma

Mwalimu Zakaria,

Shikamoo. Tangu uniandikishe darasa la kwanza pale Ihembe sijawahi kuanza kusema nawe bila salamu hiyo, na siwezi kuiacha leo eti kwa sababu hutaitikia.

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Nianze na habari za shule ya Kibingo, maana wewe ungeuliza za shule kabla ya kuuliza za nyumbani, na mkeo Mama Adela angekununia kama kawaida. Kijana aliyepewa nafasi yako ya mwalimu mkuu amepaka chokaa mawe yote ya njiani, na ukiwa mbali shule inapendeza sana. Shamba la shule halina hata jani la magugu. Watoto wakisikia kengele wanakimbia. Kama wanajifunza sijui, sikuingia darasani. Nilisimama barabarani na baiskeli yangu nikashindwa kukata kona. Karatasi za ukaguzi nimemrudishia Padre Meneja wa shule zetu nikamwambia naumwa. Siumwi, Mwalimu. Nasema uongo tu, na uongo nimeuzoea, kama utakavyosikia.

Unakumbuka kiboko chako cha Ihembe? Kabla ya kumchapa mtu ulimuuliza kwanza, "Umekula?" Aliyesema hajala hakuchapwa siku hiyo. Basi sisi wajanja tukawa tunakuja na chakula bado midomoni tukiapa kwamba tangu jana hatujaonja kitu. Ulinipangusa mdomo kwa kidole chako ukakitazama, ukasema, "Waitu, Deo wetu, njaa yako wewe ina maharage." Darasa zima likacheka, na fimbo haikunigusa.

Nakumbuka pia Jumamosi ya mtihani wa kwenda chuo cha ualimu. Baba yangu alisema ng'ombe hawajui mtihani, kwa hiyo siendi. Ulikuja kwetu mara mbili ukirudi bure. Mara ya tatu ulikuja asubuhi umevua viatu, ukamwambia, "Mzee, nipe mimi hiyo fimbo ya kuchungia. Yeye aende." Ukachunga siku nzima, wewe mtu wa Muleba ambaye ng'ombe ulimjua kwa maziwa yake tu. Ukapoteza ndama, mkamtafuta na baba mpaka giza likaingia. Mpaka leo baba anasema Zakaria alikuwa mwalimu mzuri na mchungaji wa hovyo. Lakini mtihani niliufanya. Baiskeli hii, shati hili, mkono huu unaoandika, vyote vimetoka katika Jumamosi ile.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Sijui niliingie kwa mlango gani.

Nilipofanywa msimamizi wa kukagua shule, Bwana Mkaguzi, yule Mzungu, aliniita, akanipa bunda la karatasi za kupimia walimu. Mahudhurio, maandalio ya masomo, usafi, shamba la shule, uongozi. Kila kitu na alama yake. Kisha akasema, "Ya kwanza utaipeleka Kibingo. Najua yule mzee alikufundisha. Nataka nione utaandika nini." Mwalimu, nilielewa mara moja. Wewe ulikuwa upimwe kwa karatasi, na mimi nipimwe kwako.

Unaijua siku yenyewe. Nilifika saa tatu asubuhi, wakati wa mvua za maharage. Shambani magugu yamepita magoti. Darasa la nne lina watoto sita. Mwalimu mkuu hayupo. Nikaambiwa yuko msibani na wavulana wakubwa, wanapasua kuni. Ukatumiwa mtu, ukaja mbio na shoka mkononi, jasho linakutiririka, na uliponiona ulifurahi kama mtu aliyetembelewa na mwanawe. Ukawaambia wale watoto sita, "Mnamwona mkaguzi huyu? Alikaa chini hapohapo mlipokaa nyinyi!"

Ukanieleza. Bibi wa jirani alikuwa amefariki, na kabla matanga hayajaisha mjukuu wake naye akamfuata. Kwa hiyo wiki mbili jembe halijagusa ardhi kijiji kizima. Ukasema, "Mwanangu, ningewatoa watoto kulima watu wakiwa kwenye majonzi, nani angeniletea mtoto tena?"

Uchungu ni kwamba hukuwa na haja ya kunieleza. Mimi si mgeni wa mila hiyo. Bibi yangu mwenyewe alipokufa, mama alificha majembe yote ya nyumbani asije mtoto mmoja akajisahau. Ningetoka Pwani ningejitetea kwamba sikujua. Nimezaliwa Ihembe. Nilijua kabisa, na nikakujibu, "Mwalimu, karatasi hii haina mahali pa msiba."

Mahali palikuwepo. Chini kabisa, baada ya alama zote, palikuwa na mistari mitatu ya maelezo mengine. Ningeweza kuandika hapo kwamba kijiji kina misiba miwili. Maneno machache tu, na hata Mzungu angeyaelewa. Badala yake niliandika, "Mwalimu mkuu amezeeka, amezembea, hafai tena kuongoza." Niliandika mbele yako, kwenye meza yako, kwa mwandiko ulionifundisha wewe.

Kanuni ilitaka mwalimu anayepimwa asome ndipo atie sahihi. Nikakusogezea. Hukuvaa hata miwani. Ukacheka, ukasema, "Nisome nini? Si wewe uliyeandika?" Ukatia sahihi, ukapiga na mstari chini yake kama ulivyopenda. Kisha ukatuma watoto waniangulie parachichi za safari.

Ningeweza kukuambia, "Soma, Mwalimu." Maneno mawili.

Bwana Mkaguzi alinisifu. Alisema sasa amejua mimi ni mtu wa kazi, sipendelei. Nilirudi nyumbani nikiimba juu ya baiskeli. Nakwambia hili ili ujue hukumfundisha mtu mwema peke yake. Mjinga mmoja mwenye kiburi naye alipita mikononi mwako.

Miezi miwili baadaye ulikuja kwangu kwa miguu, barua iko mfukoni mwa shati. Umevuliwa ukuu, unapelekwa Songambele kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, chini ya kijana aliyekuwa bado anatoa chunusi. Ukasema, "Deo, kuna mtu amenisema vibaya kwa wakubwa. Sijui nimemkosea nini. Waandikie wewe, wewe unanijua." Mke wangu alikuletea chakula. Mimi nilitazama sahani yako muda wote. Nikasema, "Nitaandika, Mwalimu."

Niliandika mara nne, mara nne nikachana. Ningekusafisha wewe ingebidi niseme kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa ya uongo na mwongo ni mimi. Basi nikanyamaza. Mwaka mzima kila tulipokutana uliuliza, "Hawajajibu?" Nami nikasema, "Bado." Mara ya mwisho ukanishika bega, ukanipa pole! Ukasema nisijisumbue sana, wakubwa wana mambo mengi. Ee Mwalimu. Ungenitukana ningelala usingizi.

Sisemi ni karatasi iliyokuua. Mganga wa zahanati alisema ni kichomi, na kichomi huja hata kwa mtu aliyesifiwa. Ila najua kwamba ulikuwa unatembea kutoka Songambele kila Jumamosi kurudi kwa Mama Adela, mvua ikikunyeshea njia nzima, na safari hiyo ni mimi niliyekupa. Ulipoletwa kwa machela nilipokea mti wa mbele. Watu wakanipisha. Walisema, "Mwacheni, ni kama mwanawe."

Sikulia siku ya mazishi. Watu walidhani nimejikaza kiume. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo litatoka lote.

Baada ya mazishi Mama Adela aliniita ndani. Alikuwa ametandika nyasi mpya, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo. Kisha akasema, "Marehemu alinambia ulivyohangaika kumwandikia. Mungu akulipe, waitu. Sasa nina ombi moja. Yule aliyemwandika vibaya, nitafutie. Sitaki kumwapiza. Mimi nataka nimwone uso tu, nijue ni mtu wa namna gani."

Ile kahawa ilinikaa shavuni, haishuki wala haitoki. Nikamwambia, "Nitamtafuta, Mama."

Unaona? Hata kaburi lako likiwa bado bichi nilikuwa naongeza uongo mwingine juu yake. Tangu hapo ameuliza mara mbili kupitia watu wanaokuja huku. Amempelekea mke wangu maharage, eti pole ya kazi ya kutafuta. Mke wangu akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikamwambia ni mambo ya shule. Maharage hayo sijayala, na nyumbani hawaelewi ninachosusa.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Padre Meneja, safari hii bila ugonjwa. Nimempa barua ya kwenda kwa Katibu wa Elimu. Nimeandika kwamba siku ile Kibingo kulikuwa na misiba miwili, kwamba nilijua, kwamba niliyoyaandika juu ya Mwalimu Zakaria hayakuwa ya haki, na kwamba niliyaandika ili nisifiwe. Padre aliisoma mara mbili. Akaniambia jalada la marehemu huwa limefungwa, na kwamba barua hii haitakurudishia kitu, itaninyang'anya mimi kazi tu. Nikamwambia aipeleke hivyohivyo. Nikinyang'anywa nitaomba darasa la kwanza popote watakaponitupa. Wakininyima na hilo, ng'ombe wa baba bado wapo.

Usidhani nimekuwa jasiri. Nimeandika kwa wakubwa kwanza kwa sababu ni rahisi. Wako mbali na hawalii. Kilichobaki ndicho kigumu, na hakina karatasi.

Nisamehe, Mwalimu. Najua ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, ndiyo maana msamaha wako haunitoshi. Ulikuwa mwepesi mno wa kusamehe. Nahitaji wa mtu anayeweza kuninyima.

Lala salama, baba yangu. Parachichi za pale shuleni zimejaa sana mwaka huu. Watoto wanaziangua hata zile changa na hakuna anayewauliza kama wamekula.

Nakuahidi hili. Kesho nakwenda Kibingo kwa Mama Adela. Kahawa yake sitaigusa mpaka niseme. Nitamwambia nimemleta yule mtu aliyetaka kumwona, na atatazama nyuma yangu kutafuta ni nani niliyekuja naye. Nitakaa karibu na mlango penye mwanga, nivue kofia, ili anione uso vizuri.

Mwanafunzi wako,
Deo