Mama Ananiita Mbwera, Nami Nina Kunguni

Mshauri wangu mpendwa, nakuamkia kwa heshima na kukuomba unisaidie, maana hapa nilipo sina tena pa kushika. Mimi ni mzaliwa wa Mbwera, huko Delta mto unapoingia baharini, nimeolewa hapa Kibiti na Hashimu, ambaye zamani alikuwa akikata mikoko lakini tangu biashara ziachiwe huru amekuwa mtu wa mitumba, anaifuata Dar es Salaam na kuiuza magulioni, na baada ya Idi akaniletea kitanda cha mbao na godoro la sponji, vyote vimeshatumika, nami nikafurahi kweli, nikakitoa nje kitanda chetu cha kamba kama kitu cha aibu, kumbe ndani ya lile godoro tumeletewa kunguni.

Mshauri, hatulali. Wamo kwenye mishono ya godoro, wamo kwenye nyufa za ukuta wa udongo, wamo mpaka kwenye mikeka, na mwanangu Faraja, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea, amejikuna mpaka miguu imetoka vidonda, na mimi mikono imejaa mabaka, nimekonda kwa kukosa usingizi, na wanawake wenzangu kisimani wameacha kunitwika ndoo, wananong'ona kwamba nina ule ugonjwa, na mmoja akamwambia mwenziwe nami nasikia, "Hata kunguni wake wanaambukiza."

Hashimu kwa uchungu akanunua gulioni dawa ya kupulizia mikorosho, imetiwa kwenye chupa ya soda, akapuliza kitanda chote, tukamlaza mtoto, na haukupita muda Faraja akaanza kutokwa na udenda na kutapika, akanilegea mikononi, tukakimbia naye kituo cha afya, na bila Nesi Marsela wa pale ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Mtoto kapona, lakini kunguni wamerudi, na Hashimu anasema atapuliza tena, safari hii ataichanganya kali zaidi.

Lililonivunja kabisa ni hili. Mama yangu amepooza upande mmoja, yuko kitandani Mbwera, na ametuma watu waniambie niende, anataka nimwogeshe mimi kwa mikono yangu. Nikiwa nafunga mzigo akaja dada yangu Sikudhani, ndiye anayemuuguza, alifika Kibiti kutafuta dawa. Akaiona mikono yangu, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Usije, Mwajabu," akaniambia. "Mama hawezi hata kujikuna. Ukimpelekea wadudu hao watamla yu hai."

Nikibaki, mama anakufa huku ananiulizia. Nikienda, nampelekea mateso. Siku nyingine natamani niichome hii nyumba nami nimo ndani.

Mwajabu, Kibiti

*

Mwajabu mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikalia, kisha nikakasirika. Naanza na mumeo. Hashimu, dawa ya mikorosho ni sumu ya shambani, na nusura umzike mwanao kwayo. Usiipulize tena ndani. Mpelekee bwana shamba akwambie namna ya kuiondoa, na chupa ile isitiwe kinywaji kamwe.

Na wewe, mama Faraja, uliwezaje kunyamaza anaposema atarudia? Kataa. Piga kelele majirani wasikie.

Hao wa kisimani waambie hivi: UKIMWI hauenezwi na kunguni, na kunguni hawakuja kwa uchafu wako. Walikuja na godoro.

Vidonda vya mtoto vioshe kwa maji safi na sabuni, umkate kucha, umwekee kitambaa kilicholowa maji baridi panapowasha. Muulize Nesi Marsela losheni ya kalamini ya kutuliza muwasho. Ukiona usaha, uvimbe au homa, mrudishe kituoni usingoje. Na hilo la kujichoma usilibebe peke yako. Leo hii kamwambie huyo nesi kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi.

Nyumba aachiwe Hashimu, yeye ndiye aliyeleta godoro. Alitoe alichome mbali na nyumba, asimuuzie mtu. Kitanda akifungue vipande, amwagie maji yanayochemka kwenye kila kiungo, nguo na mashuka achemshe, mikeka aichome, nyufa azizibe kwa udongo. Kitanda kisiguse ukuta. Na arudie kila wiki, maana mayai yanabaki na yataanguliwa. Siku nyingine asiingize ndani kitu cha mtumba kabla hajakikagua mishono juani.

Sasa mama yako. Mwajabu, kunguni si chawa, haishi mwilini mwa mtu. Anakunywa damu kisha anarudi mafichoni. Mwenye kunguni ni nyumba yako, si wewe. Kwa hiyo chemsha nguo zako na za Faraja, zianike kwenye jua kali, na zikikauka zitie moja kwa moja kwenye mfuko mpya wa plastiki, uufunge, ukauweke kwa Nesi Marsela. Siku ya safari oga kwake wewe na mtoto, vaa nguo hizo, wala usirudi tena chumbani. Usibebe mkeka, usibebe mto, usibebe kapu. Ukifika Mbwera, mlichovaa njiani kichemshwe kabla hujaingia kwa mgonjwa. Sikudhani msomee haya, naye atakufungulia mlango.

Usisubiri nyumba iishe kunguni ndipo uende. Hiyo ni kazi ya miezi, na mama yako hana miezi.