Panzi wa Meza ya Saba

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kidato cha tatu! Sketi ile ile, viatu vile vile, ila leo nimeingia getini najiona mtu mzima.

Mwalimu Kajetani wa Baiolojia kaanza mwaka kwa desturi yake. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi alama anayoitegemea mtihani wa Mei, akibandike ndani ya jalada la daftari, asikibandue. Anasema asiyejua anakokwenda hawezi kulalamika kwamba amepotea. Halafu akatoa jipya: tupo tisini na wanne, darasa la sayansi limefurika. Atakayepata chini ya arobaini na tano Baiolojia anahamia Arts. Hakuna majadiliano, hata mzazi aje na kuku.

Mimi wakati anaeleza macho yalikuwa nje ya dirisha. Ukungu ulikuwa unashuka mlima Matogoro taratibu, kama mtu anayejivutia shuka. Nikawa nawaza majani yote ya huko juu, kila moja na matundu yake linapumua, na hakuna anayeyasahihisha. Zuhra akanikanyaga chini ya meza. Andika, kasema. Nikaandika themanini. Kwa nini themanini? Sijui. Ni namba yenye miduara mitatu, inapendeza kuiandika.

Zuhra kaandika hamsini. Tunakaa naye meza moja tangu kidato cha kwanza. Kwao Tunduru, hapa Songea mjini amepanga chumba na dada yake. Hachezi na namba. Anataka kuwa nesi Mbesa, kwenye hospitali ileile alimozaliwa, na anajua sayansi ikimponyoka na unesi umekwenda.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu kachora panzi ubaoni. Mkubwa, anatazama kushoto, mistari ya majina imenyooka utadhani imepigwa na seremala. Tukanakili wote. Wangu nilimtia kivuli tumboni, akawa kama anavuta pumzi. Mwalimu akapita na kalamu nyekundu: toa mbili. Mchoro wa kisayansi hauna kivuli.

Nikamuuliza, mbona panzi mwenyewe anacho? Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisimama kidogo, akasema siku nitakayowekewa panzi mezani nichore ninachokiona. Leo nachora ubao.

Nimeliandika hilo pembeni. Zuhra amefunga, midomo imemkauka, lakini panzi wake alikuwa safi. Alama zote.

Jumapili, 18 Mei

Mtihani wa vitendo ni Jumanne na kila mtu alete panzi. Basi baada ya misa nimetoka na Zuhra kwenye majani nyuma ya nyumba, hapa Msamala. Jua laini la saa kumi, majani yameshaanza kuwa rangi ya chai. Yeye anakamata, mimi natazama. Sijui nilikaa muda gani nikimwangalia mmoja anakula ukoka. Taya zake zinakwenda pembeni, si juu na chini! Nilijiona nimekaribishwa mezani kwa mtu.

Zuhra keshajaza chupa. Mmoja alimkamata mguu wa nyuma. Panzi akauacha mguu vidoleni mwake, akaruka akaenda zake. Tukatazamana tukacheka. Mwalimu aliwahi kutuambia kwamba ndivyo wanavyojiokoa, ila sikuwahi kuamini.

Shangazi Monika, ninayeishi kwake, kasema enzi zao panzi alikuwa kitoweo, siku hizi eti naye ana mtihani.

Jumanne, 20 Mei

Mtihani. Tuliingia maabara kwa zamu. Panzi wa darasa zima walikuwa wamechanganywa kwenye ndoo ya spiriti, Mwalimu akagawa mmoja kwa kila meza, watu wawili wawili. Sisi meza ya saba.

Wetu alikuwa na miguu mitano.

Nimehesabu mara tatu. Mguu wa nyuma wa kulia haupo, pana kishimo kidogo tu. Zuhra naye alimgeuza kwa sindano, akaona, akanitazama. Kwenye mtihani hatusemi. Akainama, akachora miguu sita, kichwa kushoto, panzi wa ubaoni kabisa. Mimi nikamchora wetu. Kichwa kulia kwa sababu ndivyo alivyolala, na miguu yake mitano.

Sijawahi kufurahi kwenye mtihani. Leo nimefurahi. Kwa nusu saa hapakuwa na shule wala Songea, palikuwa na mimi na marehemu mdogo ananionyesha alivyoumbwa. Baadaye wote wametupwa shimoni, walishaanza kunuka.

Alhamisi, 22 Mei

Baridi ya asubuhi imeanza. Nimeota nimekuwa mkubwa, nakaa kwenye nyumba yenye madirisha kila upande, watu wananiletea vitu vidogo vidogo niwaambie ni nini. Mbegu. Mabawa. Ganda la kitu. Nawaambia, wanakwenda wameridhika. Shangazi kaniamsha nikachote maji.

Ijumaa, 30 Mei

Matokeo yamebandikwa. Jumla ya Baiolojia: Zuhra 47. Aurelia 42.

Nimelisoma jina langu kama la mtu ninayemfahamu kwa mbali.

Karatasi zimerudishwa. Kwenye panzi wangu pana duara jekundu na maneno: mguu mwingine uko wapi? Toa tano. Tano! Hizo hizo zingeniweka arobaini na saba. Nimefungua jalada la daftari, themanini bado imeng'ang'ania na gundi yake. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Zuhra alinishika mkono. Jumatano ijayo majina ya wanaohamia Arts yanakwenda kwa mkuu wa shule.

Nimelia chooni. Si kwa aibu. Nalipenda hili somo, ndilo pekee ninaloliota nikiwa macho, na ninatolewa kwa jambo moja nililolifanya sawasawa.

Jumapili, 1 Juni

Shangazi kauliza, kwani huko Arts wanakula watu? Nikasema hapana. Basi kula ugali, kasema.

Baadaye anakunja nguo, hanitazami, akasema kama nilikosea nikubali, kama sikukosea niende nikaseme, ila nisimlowanishie mto.

Nimekaa nikajiuliza kama kweli niliona. Mimi huyu, ninayeona watu na ng'ombe mawinguni. Labda mguu ulikuwepo, nikauota haupo. Labda Zuhra alinitazama kwa sababu nyingine kabisa.

Hapana. Kishimo. Kishimo nilikiona.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda ofisi ya walimu. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza Mwalimu Kajetani yote.

Hakukasirika. Alichukua karatasi za darasa, akafunua moja moja mpaka mwisho, na uso ukawa unabadilika. Panzi tisini na watatu, wote wanatazama kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, si kwangu: hakuna aliyemtazama panzi wake. Nilimwonea huruma. Tangu Januari anafundisha kutazama, na darasa zima limejifunza ubao.

Kisha akasema hawezi kunipa alama kwa neno langu pekee, kesho nusu ya darasa watamjia na panzi vilema. Nilikuwa na nani mezani?

Zuhra, nikasema. Haraka, tena kwa furaha. Nina shahidi!

Akaandika jina. Akasema vizuri, kesho saa nne atamwita. Akithibitisha, tano zangu zinarudi. Na tano zake zinatoka, maana atakuwa amechora mguu ambao haukuwepo.

Nilikuwa nimeshasema asante kabla sijaelewa. Arobaini na saba toa tano. Nimetoka shule mpaka Msamala, sikumbuki nimepita njia ipi. Nilimpita Shangazi mlangoni bila salamu, akaniuliza kama nimekutana na shetani.

Jumanne, 3 Juni

Saa nne na robo. Naandikia nyuma ya daftari la Baiolojia, kwenye benchi nje ya ofisi. Zuhra yuko ndani.

Asubuhi nilimweleza, kabla ya kengele. Nilitegemea anikasirikie, nilikuwa nimejiandaa. Aliuliza tu: kwa hiyo nikisema kweli, natoka mimi? Nikasema ndiyo. Na nikisema sikumbuki? Nikasema basi natoka mimi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaninyooshea kola ya shati, iliyokuwa imejikunja.

Kichwani mwangu najaribu kumchukia, hakuna kinachokuja. Hakuchora sita kwa uongo. Kwake panzi ni njia ya kwenda Mbesa, na mwenye safari hasimami kutazama kila kilichoko njiani. Mimi sina safari. Mimi natazama tu. Lakini natazama! Hilo nalo si kitu?

Ningemtaja mtu mwingine. Ningesema nilikuwa peke yangu. Ningenyamaza nikala ugali wangu.

Dirisha liko wazi, nasikia. Mwalimu kamuuliza panzi wenu alikuwa na miguu mingapi. Kauliza tena, kwa upole, na ule upole ndio unaotisha. Jana nilikuja hapa kudai changu. Sasa hivi moyo unanidunda kwa neno moja: sita. Sema sita, Zuhra. Mimi nitakwenda Arts, panzi nitawatazama bure, hawana kiingilio. Halafu papo hapo nataka aseme tano. Nayaonea aibu yote mawili.

Kaanza kusema. Sauti yake ni ndogo, ya kwao Tunduru, lakini nimesikia kila neno: "Mwalimu, samahani. Kati yetu wawili anayejua kutazama ni Aurelia. Muulize yeye. Atakachosema, wallahi, ndicho nilichokiona."

Kiti kimesogezwa. Mlango umefunguliwa, Mwalimu ameshika kitasa. Nyuma yake namwona Zuhra amesimama, mikono nyuma, anatazama ukuta, si mimi.

Aurelia, ingia, kasema Mwalimu. Nimejibu nakuja. Bado naandika.